WATU WA BARBARI (9): Kidole cha Mwalimu Ekaju

"Papa, hii maneno hapa kwa gazeti, si ni yako?"

Mzee Ekaju alichomoa mrija mdomoni, akaufuta ncha kwa kiganja, akauegemeza kwenye ukingo wa chungu cha ajon, pombe ya ulezi, polepole, kama mtu anayeiba muda.

Wewe uliyekosa Jumamosi iliyopita kwa sababu jirani alifungia maandazi gazeti lako, shika haya haraka, maana leo hatuna nafasi ya kungojana.

Aguti ni binti anayechapa barua na kutoa kopi karibu na forodha ya Busia. Mdogo wake, Okwi, mpakuzi wa malori, amefungiwa kwa madai ya kuiba madumu ya mafuta ya kula kwenye lori la tajiri Fidel Owori. Leo Ijumaa, saa sita mchana, Okwi asipopata wadhamini wawili anapelekwa gereza la Tororo kungoja kesi, na zipo kesi ambazo mashahidi wake huota mvi wakingoja.

Wadhamini wawili wamekwisha kukataliwa na karani. Hawana kosa lolote ila barua zao za mwenyekiti wa mtaa, ambazo zina muhuri wa Barbari, mtaa wao na wa Okwi.

Ndipo mwenyekiti mwenyewe, mama Athieno, alipotoa chini ya godoro kipande cha gazeti la miaka ishirini na zaidi. "Soma ujue jina yetu ilitoka wapi," alimwambia Aguti. "Halafu rudisha. Usipoteze."

Aguti alisoma, na akakutana na maneno ya mwalimu mmoja wa historia ambaye gazeti halikumtaja jina: "Kule pwani ya Barbari watu hawakulima. Walikaa tu wakingoja meli za wengine zipite. Sasa tuna Barbari yetu hapa, na meli zetu ni malori."

Maneno hayo aliyajua tangu utotoni. Aliyasikia mezani, akila viazi, kutoka kinywani mwa baba yake mzazi.

Basi tuko Lunyo, uani kwa mzee, saa mbili na nusu asubuhi.

"Nani amekupa hiyo?" Ekaju aliuliza mwishowe.

"Mama Athieno, mwenyekiti yetu."

"Na yeye anajua?"

"Anajua nini, papa?"

Mzee akatazama pembeni. Kando ya jiko, mke wake wa pili, Maggie, alikuwa akichochea moto wa kuchemsha maji ya kuongeza kwenye chungu. Sasa aliacha kuchochea ili asikie vizuri.

Aguti alikunja gazeti. Hakuja kutafuta ugomvi. "Mimi nimekuja kuomba wewe usimame kwa Okwi. Barua yako itasema Lunyo. Watu ya Lunyo hawakataliwi."

"Nasimama," alisema Ekaju papo hapo. "Ngoja nivae koti."

Msomaji, huyu ni mtu aliyechelewa mazishi ya mkewe wa kwanza kwa sababu, alisema, barabara ilikuwa mbaya. Leo hajaulizwa mara mbili na tayari anatafuta koti! Mimi ningeshtuka. Aguti pia alishtuka.

"Lakini hiyo karatasi," mzee akaongeza akiwa mlangoni, "weka kwa moto kwanza."

"Si yangu. Nimeambiwa nirudishe."

"Aguti. Weka kwa moto."

"Mwambie, Ekaju," sauti ya Maggie ilitoka jikoni. "Jana ulimwambia yule mtu ya gari kwamba umechoka kunyamaza. Kama umechoka, sasa mtoto yako huyu hapa."

"Mtu gani ya gari?" Aguti aliruka.

"Fidel Owori," Maggie alijibu kabla mumewe hajamnyamazisha. "Alikuja na kilo ya nyama. Alisema mzee asiende kusimama kortini. Alisema wao wawili wanajuana."

Tajiri anayemshitaki Okwi, na baba yake Okwi, wanajuana! Aguti alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alitazama koti mkononi mwa baba yake, kisha uso wake.

"Mnajuana kwa nini, papa?"

Mzee Ekaju alirudi, akakaa, akauchukua mrija wake tena, lakini hakunywa.

"Ile mwaka ya vita ya Teso," alianza. "Watu walikimbilia makambi. Lori ilitoka Kenya na maharagwe na mafuta ya kwenda huko. Ilifika Ijumaa, uwanja ya forodha imejaa, wakasema mzigo ilale kwa stoo ya shule mpaka Jumatatu. Mimi nilikuwa na ufunguo ya stoo. Fidel alikuwa wakala ya mzigo. Wakati ile alikuwa na lori moja tu, mbovu."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu stoo ilikuwa tupu."

"Mliiba." Aguti hakuwa akiuliza. "Mliiba chakula ya kambi."

"Ndiyo."

"Shangazi Akiror alikuwa kwa kambi hiyo!"

"Ndiyo," mzee alisema. "Alikula majani. Aliniambia mwenyewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho."

Aguti akainua macho. Juu ya kichwa cha baba yake palikuwa na paa la mabati, zuri, la miaka mingi, lisilovuja. Nyumba aliyowaachia wao mjini ilivuja mpaka mama yao, Atai, alipokufa ndani yake. Sasa alijua mabati haya yalitoka wapi, na alitamani asingejua.

"Sasa watu ya mtaa wetu wanaingia wapi?"

"Tulihitaji mtu ya kuiba," mzee alisema.

Sikilizeni jinsi mambo yanavyotengenezwa. Jumapili ile jioni, kabla wizi haujagunduliwa, Mwalimu Ekaju aliketi kwenye chungu pamoja na ofisa mmoja wa polisi na mwandishi mmoja wa gazeti. (Si gazeti hili. Msinitazame hivyo.) Kulikuwa na mtaa kando ya barabara ambapo malori yalipanga foleni, mtaa wa wapakuzi, waendesha baiskeli na mama wauza uji. Hata jina haukuwa nalo. Watu waliuita Kando.

Mwalimu akaanza kufundisha. Aliwasimulia habari za pwani ya Barbari, kaskazini kabisa ya Afrika, ambako zamani maharamia walizivizia meli mpaka mabaharia wa nchi kubwa wakawa wanakojoa wakisikia jina hilo tu. Akasema baadaye, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na mji mmoja wa bandari wenye mtaa wa ulevi na unyang'anyi, na watu wake wakauita Barbari ingawa hata haramia mmoja hakuwahi kufika huko. Jina halihitaji visa, alisema, wakacheka. Kisha akaonyesha Kando na kusema yale uliyoyasoma hapo juu.

Angeishia hapo, yangekuwa maneno ya mlevi. Hakuishia hapo.

Kwa Iteso, kabila lake, mtoto akizaliwa, mkubwa huchovya kidole kwenye ajon na kumgusisha mdomoni huku akitaja jina. Mtoto akinyonya, amelikubali. Na yule mwenye kidole hajamaliza kazi: mtoto akiugua, akipotea, akiharibika, ndiye anayeitwa kwanza. Aje aseme kama jina ni zito, aliondoe kwa mdomo wake mwenyewe. Ni kazi ya maisha. Watu wenye akili hawaifanyii mzaha.

Mwalimu Ekaju alichovya kidole kwenye chungu, akatoka nje, akagusa vumbi la barabara. "Barbari," alisema. Ilikuwa kiangazi. Vumbi likanyonya.

"Wamama walinifukuza kwa chungu," alimwambia bintiye sasa. "Mmoja alisema nimezaa kitu. Mimi nilicheka."

Jumatatu wizi ukagunduliwa, na kila mtu alikwisha kuwa na jina la mwizi mdomoni. Vijana watatu wa Kando walikamatwa na umati, mchana kweupe, wakafungwa kamba. Mwandishi alipiga picha. Gazeti likatoka: MAHARAMIA WA BARBARI WALA CHAKULA CHA WAKIMBIZI.

Aguti alikikunjua tena kile kipande. Picha ilikuwa imefifia, lakini sura zilionekana. Watu watatu wameketi chini. Wawili wameinamisha vichwa. Wa tatu, mwenye shati la mistari, alikuwa akitazama kamera moja kwa moja, kama mtu anayengoja kuulizwa ajibu.

Mzee aliweka kidole juu ya shati la mistari.

"Huyu alikufa siku ya tatu," alisema. "Walimpiga kichwa."

"Anaitwa nani?"

Ekaju alifikiri. Alifikiri muda mrefu, akiwa amefumba macho.

"Nimesahau," alisema.

Mtaa mzima aliupa jina asilolisahau mtu kutoka Malaba mpaka Kampala. Jina la marehemu lilimtoka!

Na nisiwafiche kilichofuata, maana wengi wenu mnapaita huko Barbari bila hata kujua mnachokisema. Madereva wa malori walilibeba jina barabarani. Mwaka mmoja tu, Tororo nao wakawa na kona wanayoiita Barbari yao. Ukisikia leo "usipite kule, ni Barbari", anayesema hajui pwani wala Ekaju. Anajua kwamba kuna vibaka.

Na vibaka kweli wapo, sitawadanganya. Lakini walikuja baada ya jina. Wenye maduka walihama. Bodaboda walikataa abiria wa huko. Mwajiri akisoma anwani, anasema nafasi imejaa. Wasichana walihama kwa shangazi zao kabla ya kuchumbiwa. Vyumba vikawa tupu na bei ikaanguka, na mwizi akiona mahali ambapo jina lake limekwisha kuandikwa mlangoni, anachohitaji ni godoro tu. Aguti mwenyewe, mara ngapi mteja alimwinamia na kumnong'oneza, "Dada, hapo kwa anwani andika Kanisani, usiandike Barbari"? Na mara ngapi aliandika?

"Na wewe ulihama," Aguti alimwambia baba yake. "Ulipea sisi jina, ukahama, ukatuacha ndani."

"Ndiyo."

"Sema kitu kingine, papa! Usiseme ndiyo tu!"

"Soma mstari ya mwisho," mzee alisema.

Aguti akasoma kwa sauti. "Wakala wa mzigo, Bwana F. Owori, aliyekuwa wa kwanza kufika, alisema kufuli la stoo lilikutwa zima."

"Umeona?" Ekaju alitabasamu, tabasamu bovu lisilo na furaha. "Maharamia ya kufungua kwa ufunguo, wakatoka, wakafunga tena. Fidel alisema hiyo kwa mwandishi kwa kuogopa, mdomo uliteleza. Iliandikwa. Watu yote walisoma. Lakini walikuwa wameshasoma kichwa cha habari, basi macho haikufika chini. Ndiyo sababu Fidel akijua hii karatasi iko, atataka iungue. Sasa anagombea kiti. Na ile mafuta anasema Okwi ameiba, Aguti, hiyo mafuta iko kwa stoo yake mwenyewe. Amerudia ile ile. Barbari si iko? Nani atauliza?"

Maji ya Maggie yalikuwa yamechemka mpaka yanazima moto. Hakuna aliyeyaepua.

"Vaa koti," Aguti alisema. "Tunakwenda."

*

Saa nne na nusu walishuka pikipiki mbele ya mahakama, wote wawili vumbi mpaka nyusi. Mzee alikuwa na barua mfukoni, muhuri wa Lunyo bado haujakauka.

"Mwalimu!"

Sauti ilitoka kwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara. Fidel Owori alikuwa ameketi peke yake kwenye meza ya mbele, suti ya kijivu, glasi ya chai ya maziwa, chapati mbili ambazo hajazigusa. Aliinuka kwa heshima zote, akamvutia mzee kiti.

"Nilijua hutanisikia jana," alisema bila hasira. "Wewe ni mtu ya roho. Kaa, Mwalimu. Na wewe binti, kaa. Bado kuna muda."

"Tunakwenda kwa karani," Aguti alisema akiwa amesimama.

"Kwa mdhamini mmoja? Wanataka wawili. Wa pili utatoa wapi, Barbari?"

Kweli walihitaji wawili. Alikuwa ametumaini kwamba mmoja wa Lunyo angeng'arisha wa pili.

"Mimi sipendi kufunga watoto," Fidel aliendelea. "Yule mlinzi yangu ni mlevi, anaweza kuwa alihesabu vibaya. Naweza kuingia hapo sasa hivi niseme mafuta imeonekana, mimi nimekosea, naomba radhi. Okwi analala kwake leo. Hana kesi, hana cha Tororo." Aliweka kiganja mezani, kimefunguka. "Nataka kale ka-karatasi tu."

Kumbe alijua. Jana mzee alimwambia kwamba amechoka kunyamaza, na Fidel Owori si mtu wa kupuuza mzee aliyechoka. Alifuatilia mpaka akajua mama Athieno alikuwa na nini chini ya godoro, na sasa kiko kwa nani.

"Umetoa kopi?" aliuliza.

Mshangao ulioje! Aguti anatolea kopi mji mzima. Vitambulisho vya watu, vyeti vya ndoa, hati za viwanja, hata barua za mapenzi. Lakini jana stima ilikatika saa kumi, na leo alidamka kabla haijarudi. Karatasi pekee iliyokuwa na maana maishani mwake, hakuitolea kopi.

Uso wake ulijibu. Fidel akapumua.

"Usimpe," alisema mzee Ekaju.

Wote wawili walimgeukia. Huyu ndiye aliyekuwa akitaka karatasi iungue asubuhi!

"Usimpe, mtoto yangu. Nimesema mara moja leo na sijafa. Naweza kusema tena. Naingia hapo, naambia hakimu yote. Stoo, ufunguo, yote. Naondoa ile jina na mdomo yangu, kama inavyotakiwa."

"Sema," Fidel alimjibu kwa upole. "Nani ataingia ndani? Wewe na mimi. Mimi nina wakili. Wewe una miaka sabini na moja. Na Okwi? Okwi bado anakwenda Tororo, kwa sababu mafuta yangu bado imepotea. Utakuwa umeondoa jina, Mwalimu. Kijana utakuwa umemuondoa?"

Saa ya ukutani hotelini ilikuwa ya Kenya au ya Uganda, Aguti hakujali, zote ni moja. Ilisema saa tano kasorobo.

Alimwona Okwi alivyokuwa juzi nyuma ya nondo, shavu limevimba, akimuuliza kama amelisha kuku wake. Alimwona mtu wa shati la mistari, ambaye hata aliyemuua kwa mdomo hakumbuki jina lake. Mmoja alikuwa hai. Hesabu ilikuwa fupi na ilimchukiza.

"Aguti," baba yake alisema. "Nakuomba. Mama yako alikufa ndani ya hiyo jina."

"Usitaje mama yangu!" Aguti alimgeukia, na sauti yake ilifanya muuza chapati asimame na mwiko mkononi. "Wewe ulichagua mwaka ile. Ulichagua mabati. Sasa umezeeka, unataka roho yako iwe safi, na mdogo yangu ndiye alipe. Hapana, papa. Leo nachagua mimi."

Aliliweka gazeti kwenye kiganja cha Fidel Owori.

Tajiri hakuliweka mfukoni. Alilichana katikati, akalichana tena, na tena, vipande vikawa kama kucha, akavitia vyote kwenye glasi ya chai ya maziwa. Akachukua kijiko, akakoroga. Wino wa miaka ishirini ulitoka kidogo tu.

"Haya," alisema akijifuta vidole. "Twende tukamtoe kijana."

*

Na alimtoa. Msiseme matajiri hawatimizi neno lao! Dakika arobaini tu. Fidel aliomba radhi mbele ya hakimu kwa sauti nzuri, akalaumu mlinzi wake, watu wawili wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Karani aliandika fomu ya kumwachilia Okwi. Kwenye mstari wa makazi aliandika Barbari, akapiga muhuri.

Okwi alitoka akichechemea, kiatu kimoja, anacheka na kulia. Aguti alimshika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima tikiti sokoni. Alikuwa na joto. Alinuka. Alikuwa wake.

"Ulilisha kuku?"

"Nililisha, mjinga wewe."

Mzee Ekaju alisimama hatua tatu nyuma, kofia mkononi, akingoja mwanawe amwone. Okwi alimwona. Alimpa mkono, wakasalimiana kama watu waliokutana benki.

Ndipo vigelegele vilipokatiza uwanja.

Mama Athieno alikuwa akija mbio kutoka barabarani, mwanamke mkubwa wa miaka hamsini na kitu, mkoba wenye muhuri wa mtaa ukimpigapiga nyongani. Alikuwa amekuja kusimama mdhamini. Alikataliwa Jumatatu, akakataliwa Jumatano, na leo alikuja kukataliwa mara ya tatu.

"Wamemuachia? Bila sisi? Aaa, Mungu iko!" Alimkumbatia Okwi, akamkumbatia Aguti, akamgeukia mzee. "Na huyu ndiye baba ya Lunyo? Asante, mzee. Asante kwa kuzaa mtu. Huyu binti ndiye watoto yetu ya Barbari wanaangalia. Anatuandikia barua bure."

Ekaju aliizungusha kofia mkononi.

"Mimi sikujua wewe," Athieno aliendelea kwa furaha. "Mimi nilikuja hapa baadaye. Nilikuwa nalima kwetu Mulanda, mwanaume ndiye alikuwa hapa, anasukuma baiskeli ya mizigo. Alipokufa nikaja kuchukua vitu yake kwa chumba, nikaona nikiondoka watasema kweli alikuwa mwizi. Nikakaa. Nimekaa mpaka wamenifanya mwenyekiti." Alicheka, akanyoosha mkono kwa Aguti. "Haya, mwanangu. Nipe karatasi yangu."

Aguti hakusogea.

"Ile gazeti. Umesoma, umemaliza?"

"Mama..."

"Si maandishi nataka. Maandishi mimi hata sisomi, yananiumiza. Ni picha. Yule ya shati ya mistari ni Luke yangu. Tulikuwa hatujapiga picha ya harusi, tulisema tutapiga mwaka ingine. Hiyo ndiyo sura yake nimebaki nayo." Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa, kiganja juu, sawa na kile kingine cha saa moja iliyopita. "Binti yangu hajawahi kumuona baba yake kwa kitu kingine. Nipe."

Ng'ambo ya barabara, muuza chapati alikuwa akikusanya vyombo. Aguti alimwona akiichukua ile glasi, akaitazama kwa mshangao, akaimwaga mtaroni.

"Dada?" Okwi aliuliza. "Karatasi gani?"

Aguti alitafuta uwongo. Kazi yake ni kuwaandikia watu mambo mazuri, alikuwa na maneno ya kila ofisi, na hakupata hata moja. Alimtazama baba yake.

Hakuna aliyemwita. Lakini mwenye kidole hangoji kuitwa, hiyo ndiyo desturi, na mzee Ekaju alikuwa amechelewa miaka ishirini. Alipiga zile hatua tatu. Alisimama mbele ya mama Athieno, kofia kifuani, akamtazama usoni.

"Luke," alisema, kama mtu anayelionja neno. "Ndiyo. Luke. Asubuhi nilikuwa nimesahau jina yake."

Mkono wa mama Athieno ulishuka taratibu. Furaha ilikuwa bado usoni pake, haijapata habari. Alimtazama mzee, akamtazama Aguti aliyekuwa akilia bila sauti, akamrudia mzee. Aliutoa mkoba wa muhuri begani, akauweka chini.

"Mtu husahau kitu alikuwa anajua," alisema. "Wewe, mzee ya Lunyo, jina ya mwanaume yangu ulijulia wapi?"